Kenchi ya Sita, Upande wa Kaskazini

Wendelburg,
Jumapili, tarehe 2 Machi.

Kwa kaka yangu Veit,

Salamu. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na ile kofia yako nyeusi haijapeperushwa na upepo wa huko pwani. Mimi mzima wa mwili. Mama mzima pia, anakusalimu, ingawa salamu zake zimepungua joto na utaona kwa nini. Baba si mgonjwa, lakini kusema ni mzima siwezi. Baada ya salamu hizo, ambazo nimeziandika kwa sababu tumelelewa na watu wenye adabu, nakuomba ukae chini. Kama uko juu ya paa unasoma, shuka kwanza.

Nina hasira na wewe, Veit. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Acha nianze na lililo kubwa ili usije ukasema nilikuzungusha: tarehe kumi na nne mwezi huu Baba anaitwa mbele ya kamati ya chama cha mafundi, na wanaweza kumvua cheo chake cha fundi mkuu. Miaka thelathini na moja ya jina safi inakwenda na maji, kwa ajili ya boriti ambayo yeye hakuigusa hata kwa kidole. Uliigusa wewe.

Anwani yako nimepewa na Korbinian, yule mwenzako wa safari mwenye pengo la meno. Wiki iliyopita alipita karakana ya chuo kuomba mahali pa kulala, akaniambia mlifanya kazi pamoja kwa Fundi Petersen na kwamba utakuwepo hapo mpaka Pasaka. Akasema, "Kakako? Mtu wa watu yule! Anaezeka huku anaimba." Nikamwambia najua sana anavyoezeka. Akacheka, masikini, akidhani nakusifu.

Na usinisomee sheria za safari yenu ya mafundi vijana, ya kuzunguka mji kwa mji mkifanya kazi, nazijua. Miaka mitatu na siku moja, simu marufuku, nyumbani usikaribie ndani ya kilomita hamsini isipokuwa kwa msiba au ugonjwa wa kufa. Umebakiza miezi sita. Barua yako ya Oktoba, ile ya mbuzi aliyekula soksi zako, Baba aliisoma mezani akacheka mpaka akakohoa. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda nayo kazini. Nikikumbuka hilo natamani kukurushia kitu.

Unakumbuka siku nilipokubaliwa chuo? Mlikuwa mnakula dengu na soseji, wewe na Baba. Ukaniuliza, "Chuo cha nini tena? Watakufundisha kuuita msumari kwa Kilatini?" Baba naye akasema niachwe, angalau nitawachorea vibanda vya kuku. Mkacheka nyote wawili. Basi nikuambie, chuo chetu si cha kukalia viti. Mwalimu wetu, Profesa Ostertag, alikuwa seremala kabla hajawa profesa, na kidole chake kimoja alikiacha kwenye msumeno. Siku ya kwanza hakutugawia vitabu. Alitugawia nyundo na viatu vizito, akatupandisha mnara wa kanisa kuu mpaka kwenye mbao zilizo juu ya kengele, akasema, "Asiyepanda asinisimulie habari za paa." Wawili walitapika. Mimi sikutapika, nikajiona bingwa.

Muhula huu tulipewa paa la Nyumba ya Wazee ya Roho Mtakatifu, ile ya nyuma ya soko la nafaka. Ndiyo, Veit. Hiyo hiyo. Wanakaa humo akina bibi kumi na mmoja, na juu yao kuna kenchi kumi na nne za mwaloni za miaka mia tano zinazobeba paa. Kila mwanafunzi alipewa yake kwa kura. Unaigonga kwa nyundo kila shubiri ukisikiliza, unaitoboa kwa keekee nyembamba kama sindano, unaandika hali yake, unatia sahihi. Kisha inakuja desturi ya Profesa, ambayo vyuo vingine vinaicheka: ripoti humsomei yeye. Unawasomea wale bibi wenyewe, kwenye chumba chao cha kulia, wakiwa na kahawa yao na keki ya plamu, kwa maneno ya kawaida. Profesa anasema anayelala chini ya boriti ndiye wa kuambiwa kwanza.

Kura yangu ilitoka kenchi ya sita, upande wa kaskazini, juu ya chumba cha Bi Walburga. Nilifurahi nusura niruke. Kenchi ya nne mpaka ya nane zilitengenezwa na karakana yetu kiangazi kile ulichoondoka, na darasa zima walijua kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia mara hamsini. Nikasema hizo hazina haja ya kukaguliwa, ni za Haubold. Lennart, kijana wa darasani kwetu mwenye mdomo mrefu, akasema, "Haya, Binti Fundi, wewe kaa ule keki, sisi tukague." Wakacheka. Nilipenda kuitwa Binti Fundi. Nakuambia hili ili ulijue, maana huko mbele utalihitaji.

Ripoti tulizisoma Desemba, wiki ya pili. Lennart alianza, akasema kenchi yake ina unyevunyevu wa wastani. Bibi mmoja akamkatiza: "Mwanangu, wa wastani maana yake niweke ndoo au kitambaa?" Lennart akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema kitambaa, Bibi, kitambaa kinatosha. Wakapiga makofi. Tukaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na wao wanauliza, wanatania, wanamwaga kahawa. Nami nilisoma yangu. Karatasi yangu ilisema kenchi ya sita ni nzima. Hapo nitarudi.

Januari ilikuja theluji ile nzito ya maji, siku tatu mfululizo. Jumanne saa nne asubuhi ncha ya kenchi ya sita ilikatika ukutani, ikashuka, ikasukuma dari. Udongo na plasta na mbao vilijaa kitandani kwa Bi Walburga. Kitandani, Veit, juu ya mto wake! Yeye alikuwa amesimama dirishani anawamwagia ndege makombo, kwa hiyo hakuzikwa. Ubao mmoja ulimpiga tu, ukamvunja bega na nyonga. Ana miaka themanini na mitatu. "Ulimpiga tu" ndiyo lugha tunayotumia siku hizi nyumbani kwetu, tukijaribu kula.

Mchana wake Profesa alitupandisha wote juu. Akamwita na Baba, kwa sababu kazi ilikuwa ya karakana yake. Baba alipanda ngazi zile kwa magoti yake yale, akipumzika kila hatua ya tatu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Profesa akachukua mtarimbo, akabandua ubao uliokuwa umefunika ubavu wa ile ncha. Ndani mlikuwa na uozo, mweusi, laini kama mkate uliolowa. Nani asiyejua inavyotakiwa? Unakata mpaka kwenye mti mzima, unaunga mwaloni mpya, unafunga kwa vigingi. Wewe ulikwangua shubiri moja ya juu, ukachomeka gogo la msonobari, ukalipiga misumari sita. Misumari, Veit! Ndani ya mwaloni! Sisi ambao Baba alitukataza msumari kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Kisha ukafunika ubao, ukaupaka maji ya maganda ya jozi ili uonekane wa kale. Ulijua unachokifanya. Mtu asiyejua hapaki rangi.

Na sababu naijua pia. Baba alikuwa kalala nyumbani kwa goti lake wiki ile, akakuachia kazi yote, akasema Veit yuko, sina wasiwasi. Wenzako saba wa safari walikuwa wameshafika kukuchukua, wamelala ghalani kwetu, wamekunywa bia yote ya nyumba na Mama anawakaangia mayai arobaini kila asubuhi. Jumamosi ilikuwa lazima, kwa desturi yenu ya kuanza safari, upande kibao cha jina la mji, urukie ng'ambo, uende bila kugeuza shingo. Kuwaambia tu, "Jamani, ningojeni siku tatu, boriti yangu moja imeoza," ulishindwa. Uliogopa watakucheka. Kwa ajili ya kicheko cha wanaume saba walevi ulimwekea bibi wa watu tani nzima ya udongo juu ya mto.

Profesa aliitazama ile kazi kwa muda mrefu. Halafu akamuuliza Baba, kwa heshima, maana anamheshimu: "Fundi Haubold, hii ni kazi ya nani?" Baba akainama. Akaangalia mkato wa msumeno unavyolalia kushoto. Mwenye shoto katika karakana yetu ni mmoja tu. Akaupapasa ule ubao upande wa ndani kwa dole gumba, taratibu, kwenda na kurudi. Akanitazama. Akasema, "Ni yangu. Nilikuwa na haraka."

Palepale mbele ya darasa zima! Lennart mwenyewe alitazama pembeni. Mimi nilisimama kama gogo.

Sasa kaka, vuta pumzi, maana hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukimbilia.

Ule ubao mimi nilikuwa nimeshaufungua. Novemba, wiki tatu kabla ya kusoma ripoti. Niligonga, nikasikia sauti ya mtungi uliojaa matope. Nikatoboa, keekee ikazama yenyewe bila nguvu. Nikamtuma Lennart akaniletee taa nyingine, nikabandua ubao peke yangu, nikaona yote. Na upande wa ndani wa ubao nikaona mwandiko wako, kwa ile penseli yako nene: "Veit Haubold, Ijumaa, jua kali, bia iko wapi?" Uliutilia sahihi, mwehu wewe! Seremala akimaliza kazi huandika jina lake palipojificha, ndivyo tulivyofundishwa, na mkono wako ulishazoea hivyo hata kwenye uwongo. Nilicheka, Veit. Haki ya Mungu, nilicheka kwanza, kisha nikalia.

Halafu nikatoa randa yangu mfukoni, ile ndogo aliyonipa Baba nilipoingia chuo, nikalifuta jina lako. Nikapitisha mara nne, tano, mpaka mbao ikawa nyeupe. Nikaupigilia ubao mahali pake kabla Lennart hajarudi na taa. Kwenye karatasi nikaandika "nzima," nikatia sahihi yangu.

Nilikufanyia wewe? Hapana, usijidanganye. Nilijifanyia mimi. Nilikuwa nimeshajisifu, na sikutaka Binti Fundi awe kichekesho cha darasa. Nikajiambia imekaa miaka miwili na zaidi, itakaa mpaka urudi, utaitengeneza kimyakimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi nikajiona mjanja kuliko wahenga.

Siku ile ya keki, nilipomaliza kusoma, Bi Walburga alinyoosha kidole kama mtoto wa shule. Akaniuliza, "Kwa hiyo nilale tu, binti?" Nikamtazama machoni nikamwambia, "Lala bila wasiwasi, Bi Walburga." Akanikatia kipande cha pili cha keki. Nikakila.

Randa yangu, kama unakumbuka, ina pengo dogo kwenye ncha ya chuma. Kila inapopita inaacha uzi mwembamba uliosimama. Baba ndiye aliyeniambia niinoe, nikampuuza. Ndiyo maana dole gumba lake lilikwenda na kurudi pale. Aliusoma mkono wako kwenye mkato na mkono wangu kwenye ubao, vyote kwa nusu dakika, akasema ni yeye. Profesa alimuuliza ni nani aliyepiga randa juzijuzi, Baba akajibu ni yeye pia. Mtu ambaye hajawahi kutupunja hata ukweli wa mwaka wa kuzaliwa kwa paka wetu.

Nilimwambia Mama kila kitu wiki ile ile. Hakunipiga, hakupiga kelele. Aliweka kisu cha viazi mezani akauliza, "Hivi nilizaa watoto au nilizaa dumuzi?" Tangu siku hiyo anasema nami mambo ya chumvi na kuni tu. Naye Baba alinikuta ghalani nikiwa nimekaa juu ya mbao zake, akajikalisha karibu yangu kwa shida. Akasema, "Wewe umebakiza miaka miwili ya chuo. Mimi nimebakiza miaka miwili ya magoti. Hesabu rahisi." Nikamwambia nitakwenda kusema. Akanikataza. Mara ya kwanza maishani mwangu Baba kunikataza kitu huku akiomba. Akasema, "Nyamaza, mwanangu, niachie hili moja nilibebe." Nikanyamaza wiki tano. Kila siku nilikwenda darasani nikakaa mstari wa mbele, na Lennart hakuniita tena Binti Fundi. Alikuwa ananiletea kahawa kwa huruma! Bora angenitukana.

Kisha nikasikia wauguzi wamemwambia Profesa kwamba Bi Walburga ananiulizia. Amekataa kabisa kuamini kwamba wanafunzi walikosea. Anawaambia wote wanaokwenda kumjulia hali: yule msichana wa Haubold alinitazama machoni, mlaumuni babake, msimlaumu yeye. Veit, nilisikia hilo nikatoka karakana nikapiga teke pipa la maji mpaka kidole cha mguu kikavimba.

Jana nilikwenda. Yuko wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani, bega limefungwa. Alifurahi kuniona, akaanza kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia kabla hajamaliza. Nilimwambia yote, wewe, mimi, randa, Baba, na kwamba nilipomwambia alale nilikuwa najua. Sikulia, nilikuwa nimejikataza. Aligeukia dirishani. Halafu akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, akasema, "Nilikuuliza swali moja tu, binti."

Nikangoja, nikaondoka.

Kutoka hapo nilikwenda nyumbani kwa Profesa Ostertag. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na aproni, hakunikaribisha ndani. Akasema ile randa aliitambua siku ile ile, kwa sababu amekuwa akiniambia niinoe tangu muhula wa kwanza, na kwamba amengoja wiki tano aone kama amefundisha mtu au amefundisha mikono mitupu. Hatima yangu ya chuo itaamuliwa na baraza lao mwezi wa Aprili. Hakuniambia itakuwaje na sikumuuliza. Akaniambia jambo moja, ndilo linalonifanya nikuandikie leo badala ya kukusubiri uje na hadithi zako za mbuzi. Alisema kamati haitaniamini. Binti akisimama kumtetea babake, kila mtu ataona ni mapenzi. Neno la fundi mkuu dhidi ya neno la msichana wa chuo, na fundi mkuu ameshakiri. Ushahidi wa pekee usiobishika ulikuwa jina lako kwenye ubao, na jina hilo nimelipiga randa mimi. Kilichobaki ni mdomo wako.

Kwa hiyo nisikilize. Najua ukivuka kilomita hamsini kabla ya siku yako safari yako imevunjika, na wenzako watakuita kila jina. Watakucheka. Safari hii wacha wacheke. Ulishawahi kununua kutochekwa, na aliyelipa ni bibi wa miaka themanini na mitatu, na sasa wanataka kumtoza Baba. Ukisema hili si msiba wala ugonjwa wa kufa, basi kaa huko, malizia miezi yako sita, na ukirudi usinitafute.

Ni Ijumaa, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, ukumbi wa juu wa chama cha mafundi. Baba hajui kama nimekuandikia. Nitasimama kabla hajasimama, anikataze asinikataze. Nitataja majina mawili. Langu nitalitaja mwenyewe. Lako nataka ulitaje wewe.

Sina mengine. Msalimie Fundi Petersen na mkewe, na mwambie asante kwa kukupa kitanda. Mama amepita nyuma yangu sasa hivi, ameuliza naandika kwa nani, nimemwambia. Amesema nikuulize kama una nguo za baridi.

Ni mimi dada yako wa pekee,

Thekla